Mabeleshi Juu ya Benchi la Nyuma

Debe tupu hunyamaza. Linalovuma ni lile lililojaa. Jumamosi hiyo asubuhi, katika kanisa lililo juu ya soko la Tawa, spika mbili za nyuma zilikuwa tupu, na zilikuwa kimya.

Ndinda alishuka ngazi, akarudi kwenye meza ya mitambo. Spika zote zilikuwa sita: mbili pembeni mwa madhabahu, moja katikati chini ya msalaba, moja kubwa ya besi nyuma ya kinanda, na hizo mbili zilizotundikwa ukutani juu ya benchi la mwisho. Zilikuwa zimetumwa na kijana wa kanisa anayefanya kazi ng'ambo, pamoja na amplifaya yake, ili neno la Mungu liwazunguke waumini pande zote. Pasta Mbuvi alilipenda sana neno hilo, kuzunguka. Alikuwa amelihubiri kabla hata sanduku halijafunguliwa.

Kompyuta ya kanisa ilitumia Linux, mfumo usiolipiwa, kwa sababu Ndinda ndiye aliyeitengeneza, na Ndinda, aliyesomea diploma ya teknolojia ya mawasiliano mjini Kitui, hakuona sababu ya nyumba ya Mungu kutumia programu za wizi. Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye amplifaya kulikuwa na waya mwembamba unaopitisha mwanga mwekundu badala ya umeme. Shida ilikuwa hapo. Waya wa aina hiyo hupitisha njia mbili tu za sauti zikiwa wazi. Ukitaka zipite sita, sharti uzifungashe kwanza, kama mtu anayebana nguo za watu sita ndani ya begi moja, kisha amplifaya izifungue upande wa pili. Kompyuta haikuwa ikifungasha. Ilituma mbili, ikatupa nne, na haikulalamika.

"Imekubali?" aliuliza Mutunga. Mutunga alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mchumba wa Ndinda, na kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kushika ngazi.

"Inasema kila kitu kiko sawa."

"Basi ni kama wewe ukiniambia uko njiani."

"Shika ngazi, wewe."

Kwenye benchi la nyuma, chini kabisa ya zile spika mbili, Muthoki, mamake Ndinda, alikuwa akichagua ndengu kwenye ungo. Jumamosi aliketi hapo kwa sababu palikuwa na upepo wa mlangoni. Jumapili aliketi hapo kwa sababu hakuruhusiwa kuketi pengine. Alikuwa chini ya nidhamu. Katika kanisa hilo, aliye chini ya nidhamu huketi nyuma, haimbi na kina mama, hagusi Meza ya Bwana, wala hamsindikizi bintiye madhabahuni siku ya arusi. Hukaa hivyo hadi siku atakaposimama mbele ya watu wote na kuomba msamaha.

Kosa lake lilikuwa la mdomo. Kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, walikuwa wamejenga ukuta wa saruji kukingama mto wa msimu, wakibeba mawe kwa migongo yao. Nyuma ya ukuta mchanga ulijaa, na ndani ya mchanga maji yakakaa, hata katikati ya kiangazi mtu alifukua kwa mikono akateka. Kisha mchanga ukaanza kupungua usiku. Muthoki alisimama katika mkutano wa kikundi akasema kwamba anayeuchukua ni Mzee Nzioka, na kwamba aliyaona malori yake kwa macho yake. Mzee Nzioka alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Wazee walikaa, wakamsikiliza Mzee Nzioka, wakaona kwamba Mzee Nzioka amesingiziwa.

Sasa arusi ya Ndinda na Mutunga ilikuwa imekwisha kutangazwa. Ama Muthoki aombe msamaha, ama bibi arusi aingie kanisani akimpita mamake kwenye benchi la nyuma.

Kabla ya chakula cha mchana Ndinda alipata dawa. Programu ndogo ya kufungasha sauti haikuwa imewekwa. Aliiweka, akaandika mistari michache kwenye mipangilio, akaiwasha upya huduma ya sauti. Kwenye uso wa amplifaya, taa mbili zikawa sita. Akaanzisha jaribio. Jaribio lenyewe ni sauti ya mwanamke anayetaja kwa Kiingereza mahali pa kila spika, moja baada ya nyingine, kwa upole, kama mhudumu wa benki. Mwanamke alitaja mbele kushoto. Akataja katikati. Akataja mbele kulia. Zamu ya nyuma kulia ilipofika, mwanamke hakusema kitu. Beleshi lilizama kwenye mchanga mbichi, likainuka, na mchanga ukatua juu ya bati la lori. Kutoka nyuma kushoto, beleshi la pili lilijibu.

"Hao ni watu wawili," alisema Muthoki bila kuinua uso. "Huyo wa kulia ni mashoto."

Ndinda alisimamisha jaribio. Mabeleshi yaliendelea. Akafanya alivyofundishwa: badilisha kitu kimoja, sikiliza, kisha badilisha kingine. Alizima maikrofoni zote. Alikata mtandao. Alizibadilisha nyaya za kushoto na kulia, na yule mashoto akabaki kulia. Mwishowe alizichomoa nyaya za spika za nyuma kwenye amplifaya, akaziacha zikining'inia ukutani. Mabeleshi hayakupoteza hata pigo moja. Alisoma kumbukumbu za mfumo tangu kompyuta ilipowashwa. Hazikuwa na kosa.

"Mwendo wao ni mzuri," alisema Mutunga, aliyekuwa ameketi kwenye kinanda akiwafuata kwa kidole kimoja. "Hawakimbii. Laiti ningepata kwaya ya namna hii."

Ndipo spika ya kulia ilipoanza kuvuja. Mchanga ulitoka kwenye matundu ya kifuniko chake, ukashuka ukutani kama uji mzito, ukadondoka kwenye ungo wa Muthoki. Ulikuwa na unyevu na ulinuka mto.

"Na nilikuwa karibu kumaliza," alisema Muthoki. Akaanza kuchagua upya.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya iliimba, Pasta Mbuvi aliomba, na sauti zao zilitoka vizuri mbele na katikati, safi kuliko siku zote. Nyuma, mabeleshi yalichota. Waliokuwa karibu na ukuta walisogea kidogo ili mchanga usiingie kwenye kola zao. Mama mmoja alimfunika mtoto wake kwa leso, kichwani tu, kama mtu anavyofanya mvua ikiwa nyepesi.

Mzee Nzioka alipanda kutoa matangazo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyependwa na watoto kwa sababu hakuwahi kuwakemea. Aliishika maikrofoni akafungua mdomo. Spika ya katikati haikutoa kitu. Sauti yake ilitoka nyuma, juu ya benchi la mwisho, katikati ya mabeleshi.

"Zimeni taa," ilisema. "Jazeni mpaka juu. Tuondoke kabla kina mama hawajaja kuteka."

Midomo yake ilikuwa ikitangaza mkutano wa vijana. Watu waligeuka nyuma, namna watu wanavyogeuka mtu akichelewa ibadani, kisha wakageuka mbele tena. Mzee Nzioka aliendelea hadi tangazo la mwisho. Sauti ya nyuma ilimwelekeza dereva arudi kinyumenyume, kidogo, kidogo tena, hapo hapo.

Alipomaliza, mama mmoja wa kikundi aliinua mkono.

"Mzee, samahani. Mkutano wa vijana ni saa ngapi? Sisi huku nyuma tumepata ile nyingine."

"Saa nane," alisema Mzee Nzioka, na spika za nyuma zikasema, "Saa nane za usiku."

"Asante, Mzee," alisema yule mama.

Baada ya chai, wazee walimwita Ndinda kwenye chumba chao nyuma ya madhabahu. Hakuna aliyeyataja maneno yaliyosikika. Walizungumza juu ya mitambo.

"Kuna mwangwi," alisema Pasta Mbuvi.

"Si mwangwi, Pasta. Mwangwi hurudia ulichosema."

"Mwana wakwa," alisema Mzee Nzioka kwa upole, "mashine ni mashine. Kila mashine ina mahali pa kuzimia. Wewe umesoma, utapapata."

"Nimeshazichomoa nyaya, Mzee."

"Basi soma tena kidogo."

Pasta Mbuvi alikohoa. "Ndinda, mimi nataka arusi yako iwe ya furaha. Ukiituliza hiyo kitu, na mama yako Jumapili ijayo asimame aseme lile neno lake dogo, ataingia na wewe. Nitawapokea mlangoni mimi mwenyewe, nyinyi wawili."

Ndinda alitaka kuingia na mamake. Babake alikuwa amekufa Ndinda akiwa bado mtoto mdogo, na tangu hapo kila mlango mpya aliopitia, wa shule, wa hospitali, wa chuo, mkono wa Muthoki ulikuwa mgongoni mwake. Alirudi kwenye kompyuta, na wazee wakatoka wakaketi kwenye viti vyao madhabahuni wakingoja.

Palikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelijaribu. Aliirudisha kompyuta kwenye njia mbili, lakini safari hii aliiagiza isitupe chochote. Kompyuta ikiambiwa hivyo, sauti za nyuma huzichanganya ndani ya zile za mbele, zikatoka pamoja. Ndivyo inavyopaswa kufanya, na ndivyo ilivyofanya. Juu ya benchi la mwisho kukawa kimya. Mabeleshi yalihamia madhabahuni.

Mchanga ulimiminika kutoka spika za mbele juu ya viti vya wazee vyenye mito myekundu, na juu ya kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana. Ulimwangukia Mzee Nzioka mabegani, kisha ukaingia kwenye mfuko wa koti lake hadi mfuko ukajaa ukaning'inia. Sauti yake ilitoka kushoto na kulia kwa wakati mmoja, karibu kabisa na masikio ya wenzake, ikiuliza kama kuna lori la pili.

Mzee Nzioka alijipangusa. "Rudisha nyuma," alisema.

"Nikirudisha, wa nyuma watasikia vilevile, Mzee."

"Wa nyuma wamezoea."

"Nyuma ndipo pake," alisema Pasta Mbuvi. Wazee walikubaliana.

Ndinda akarudisha njia sita. Taa sita ziliwaka, na mabeleshi yakarudi mahali pake juu ya benchi la mwisho.

Wiki hiyo mchanga uliongezeka. Ulifika kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye ubao wa kukalia. Wahudumu wa zamu waligawiwa mafagio na karai. Mzee Nzioka alikuja kukagua hasara. Aliinama, akachota konzi moja, akaibana, akaifungua. Mchanga ulibaki umeshikana, kisha ukaachana vizuri.

"Huu hauna udongo hata kidogo," alisema. "Huu ni wa mto."

Kamati ya maendeleo ilikutana ikasema ni baraka. Nyumba ya pasta ilikuwa inangoja kupigwa plasta, na mchanga utakaobaki, Mzee Nzioka angeufikisha kwa wanunuzi wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na malori. Siku ya Alhamisi lori lilirudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa kanisa. Kutoka spika za nyuma sauti ilisema kidogo, kidogo tena, hapo hapo, na dereva akaifuata kwa sababu ilikuwa sahihi. Vijana wawili wakashuka na mabeleshi. Mmoja wao alikuwa mashoto. Walichota kwa pigo moja na spika, hata mtu aliyesimama nje asingeweza kujua lipi ni beleshi la kweli, na lori lilipojaa waliondoka, na kufikia jioni mchanga ulikuwa umefika tena kwenye ubao wa kukalia.

Ijumaa Ndinda na mamake walikwenda mtoni na punda. Nyuma ya ukuta wa mwethya palikuwa na shimo refu. Kina mama walikuwa wamefukua hadi kwenye mwamba, na mwamba ulikuwa mkavu. Muthoki aliingia shimoni, akaugusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akatoka.

"Twende kule juu," alisema. Kule juu kulikuwa mbali.

Walitembea, punda mbele, mitungi mitupu ikigongana.

"Mwaitu," alisema Ndinda. Humwita mamake hivyo anapotaka kitu. "Sema tu. Ni neno moja."

"Lipi?"

"Kwamba ulikosea."

"Nilikosea wapi? Rangi ya lori?"

"Mwaitu."

"Maana ilikuwa usiku. Labda haikuwa buluu."

"Kila mtu amesikia. Hakuna asiyejua. Wewe kusema neno moja hakutabadilisha wanachojua."

"Na mimi kunyamaza hakukubadilisha, na kusema hakukubadilisha." Muthoki alimpiga punda kofi dogo la kiunoni. "Huyu tu ndiye hubadilika. Akipigwa, huenda."

Ndinda alicheka ingawa hakutaka. Kisha akaacha kucheka. "Mimi nitapita pale mlangoni, mwaitu. Nitakuona umekaa pale, na mchanga unakuangukia kwenye kitambaa, na mimi nitapita."

Muthoki aliikaza kamba ya mtungi uliolegea mgongoni mwa punda.

"Viatu nimeshanunua," alisema. "Vya kuingia na wewe. Vinanibana hapa kwa kidole."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Unafikiri ni wewe tu unataka?" Akaushika mkono wa Ndinda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Ndinda awe mkubwa. "Jumapili nitaenda mbele."

Jioni hiyo Ndinda alimweleza Mutunga, na Mutunga akapiga kinanda wimbo wa kuingilia bibi arusi, wote, kuanzia mwanzo, huku mabeleshi yakishikilia pigo.

Jumapili, baada ya mahubiri, Pasta Mbuvi alitangaza kwamba kuna furaha mbinguni. Akamwita Muthoki. Muthoki aliinuka kwenye benchi la nyuma, akaukung'uta mchanga kwenye sketi yake, akatembea katikati ya safu mbili za mabenchi. Viatu vilikuwa vipya na alichechemea kidogo. Kina mama wa mwethya walimtazama akipita. Baadhi yao walikuwa wameleta mitungi hadi kanisani, ili waende mtoni moja kwa moja baada ya ibada, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu sasa. Nje, lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa mlangoni, na vijana wawili walikuwa wakingoja sala ya mwisho.

Mzee Nzioka alikuwa ameketi mahali pake, mikono juu ya magoti. Alimwonyesha Muthoki uso wa mtu aliyekwisha kusamehe.

Pasta Mbuvi alimpa maikrofoni. "Mama Ndinda, hapa uko nyumbani. Sema mbele za Mungu na mbele ya kanisa lake. Polepole tu."

Ndinda, kwenye meza ya mitambo, aliifungua njia ya maikrofoni hiyo. Wakati huohuo mabeleshi yakasimama. Kanisa halikuwa limesikia ukimya wa nyuma tangu mabeleshi yaanze, na ukimya huo uliwafanya wengine waguse masikio yao.

"Mchanga wa mto," alisema Muthoki, na sauti yake ilitoka kwenye spika zote sita, mbele, katikati na nyuma, hata zile mbili ambazo nyaya zake zilikuwa zikining'inia, "aliuchukua Nzioka. Nilisema, nikawekwa nyuma. Na huu wa kanisani anauchukua Nzioka."

Pasta Mbuvi alimtazama Ndinda, akashusha kiganja chake chini mara mbili, ishara ya kupunguza sauti. Ndinda aliiona. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Akakisukuma juu hadi kilipokoma.

Lori lilikuwa likingoja, na injini yake ilikuwa inanguruma. Wazee walitazama sakafu. Hakuna aliyesimama kumkana Muthoki, na hakuna aliyesimama kumshika Nzioka. Mutunga aliiondoa mikono yake kwenye kinanda, akaiweka mapajani.

"Mama," alisema Pasta Mbuvi, bado akitabasamu, "labda hukunielewa. Arusi ni Jumamosi hii. Binti yako yuko pale, anakutazama. Kanisa linangoja neno moja tu kutoka kwako."

Muthoki alimtazama bintiye kwenye meza ya mitambo. Alimtazama kwa muda, kisha akaigeukia maikrofoni.

"Nimekuelewa, Pasta," alisema. "Siombi msamaha."